Mukansanga wa Umuravumba, Aliyeitwa Mchawi

Wachungaji, wazee, majirani, na ninyi mliotoka Columbus na Buffalo mkapita kwenye barafu, mimi ni Mama Donati, wifi wa marehemu, familia imenipa maikrofoni kwa sababu ndimi mkubwa niliyebaki, na pia kwa sababu wameshindwa kunikataza.

Mukansanga alizaliwa tarehe 12 Aprili 1961 Minembwe, katika milima ya Kivu ya Kusini, mtoto wa tatu wa mfugaji Ngarambe, akasoma shule ya msingi mpaka mwaka wa nne, 1972, halafu bibi yake akamtoa darasani akamfundisha majani, lipi la kikohozi, lipi la kidonda, na lipi mwenye mimba asilishike kabisa.

Tarehe 5 Julai 1980 aliolewa na kaka yangu Gatera, kwa ng'ombe ambao watu wa kwao mpaka leo wanasema walikuwa wembamba, huo ni uongo, niliwaona, wakajaliwa Rugamba na Hadassa, vita vikawafukuza mpaka kambini Burundi mwaka 2004, Gatera akafariki huko tarehe 8 Mei 2007, na tarehe 9 Novemba 2012 mjane na watoto wake wakafika Buffalo, mtaa wa Kensington-Bailey, mimi nikikaa ghorofa ya juu yao, donc, yaani, haya ninayosema sikuhadithiwa.

Kazi yake ilikuwa kufua mashuka katika nyumba ya wazee, na akirudi alimwagilia umuravumba, lile jani letu la kujifukiza, alilolipanda ndani ya ndoo karibu na dirisha, maana baridi ya Buffalo haina huruma, na mwenye mafua akija alimchemshia majani, akamfunika blanketi avute mvuke, lakini mtoto mwenye homa kali hakumgusa, alimpeleka hospitali mwenyewe.

Februari 2015 mzee wa kanisa Ruhimbika, yule pale mstari wa mbele mwenye tai nyekundu, alikohoa mpaka mahubiri yakakatika, na Jumamosi mchana mkewe Muhoza akamleta kwa Mukansanga kupitia mlango wa nyuma, nikaviona viatu vya mzee, nikamsikia chini ya blanketi akisema dada yangu, ongeza maji ya moto, lakini watu wasijue. Kesho yake, Jumapili tarehe 22, kikohozi kikiwa kimetulia, alisimama madhabahuni akasema Mukansanga anawapikia watu pepo katika sufuria, akamtenga na meza ya Bwana, na huku watu wa mistari mitatu ya mbele wakinusa umuravumba kwenye koti la mzee mwenyewe, maana harufu ile ikiingia kwenye nguo haikuagi, hata mke wa Eliezer, aliyekaa karibu nami, akaninong'oneza, Mama Donati, mchawi ni anayechemsha au anayefukizwa, nikacheka mpaka nikatolewa nje.

Mukansanga hakucheka, Agosti mwaka huohuo akahamia hapa Louisville, mtaa wa Iroquois, lakini simu zilifika kabla yake, wamama wakawa wanavuta watoto wao karibu akipita, na miaka yote hiyo hakupewa mkate wala divai.

Bon, Hadassa akaenda Columbus kusomea mambo ya vijidudu, na mwaka 2022 akapeleka majani ya mama yake maabara, akayakamua, akadondosha maji yake katika kisahani kilichojaa bakteria, akanitumia picha, nikaona duara safi mahali bakteria waliposhindwa kuota, wakapima tena wakakuta ndani yake kitu wanachokiita antioksidanti, kinazuia kuharibika kama ndimu inavyozuia tunda lililokatwa kugeuka jeusi, na Hadassa, mtoto asiyependa uongo, akatuonya kwamba kisahani si mwili wa mtu na hiyo haijawa dawa ya hospitali, ila pepo alimtafuta hakumwona. Rugamba alimpigia Mzee Ruhimbika kumweleza, akajibiwa kwamba mashine za wazungu hazipimi roho.

Oktoba 2024 Mukansanga alianza kuumwa tumbo, madaktari wakakuta kansa ya kongosho, akameza dawa zao zote bila kuruka, akafariki hapa Louisville asubuhi ya tarehe 3 Machi 2025, Hadassa akimshika mkono, na mwili haujapoa, sauti ya Mzee Ruhimbika ikazunguka kwenye simu zenu ikisema mchawi ameuawa na chungu chake, wakati marehemu alituomba kitu kimoja tu, asizikwe na jina hilo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Iroquois waliotupikia, wafanyakazi wenzake wa chumba cha kufulia, na wewe Muhoza, uliyenipigia simu jana ukilia, ukaniruhusu niseme habari ya mlango wa nyuma, Mungu akutunze leo mkifika nyumbani, utahitaji.

Programu inasema Mzee Ruhimbika ataomba kaburini, sisi familia tumetanguliza jambo moja, aje kwanza hapa mbele ya jeneza aliondoe lile neno kwa mdomo uleule uliolisema, kabla ya hapo Rugamba na wenzake hawatashika jeneza, na madereva tumewaambia wazime magari. Mke wa kaka yangu, wewe umechoka, lala, amani ya Bwana iwe kitanda chako, Mzee Ruhimbika ndiye asimame.