Mwalimu Watiri na Mashine Iliyotoa Kutoka Kulia

Leo, tarehe 31 Agosti 1988, Mwalimu Watiri Nderitu wa Idara ya Hisabati anafunga kabati lake kwa mara ya mwisho, baada ya kukitumikia chuo chetu cha ufundi kwa miaka ishirini na sita na mihula miwili. Mihula hiyo miwili nimeitaja makusudi. Mwenyewe hapendi namba ikatwe mkia, na sitaki anisahihishe mbele ya wageni.

Alifika hapa Januari 1962 kutoka Giakanja, kwa baiskeli ya mumewe, mwanamke wa kwanza katika idara yake. Wanafunzi wa useremala walidhani wamepata mwalimu mpole. Kufikia Ijumaa walikuwa wamejua jedwali la kumi na saba kwa moyo. Mwaka 1969 aliwakatalia kupandisha paa la bwalo mpaka kila boriti ipimwe pembe upya, wakanung'unika juma zima. Bwalo hilo ndilo mlimokaa sasa hivi, na halijawahi kuvuja, ingawa mvua ya huku mnaijua.

Lakini nikisimulia boriti tu nitakuwa nimekwepa habari yenyewe, nayo inanihusu kwa aibu kidogo.

Mwaka 1980 kampuni moja ya Nairobi ilituletea zawadi ya kompyuta kuukuu. Ilikuwa nzito kama gunia la viazi, yenye kioo kidogo cha kusomea na vibonyezo vilivyojaa alama ambazo hakuna aliyezijua. Ilielewa lugha iitwayo APL. Katika lugha hiyo unaipa mashine safu nzima ya namba, unaweka alama moja au mbili mbele yake, nayo inazishughulikia zote kwa mpigo.

Mimi, mwalimu wa umeme, niliteuliwa kuipima. Niliandika kumi, toa tatu, toa mbili. Kila mtu anajua jibu ni tano. Mashine ikajibu tisa. Nikaichomoa, nikapuliza vumbi, nikaichomeka tena. Tisa. Siku hiyo hiyo nilimwandikia mkuu wa chuo wa wakati huo, Bwana Kingori, barua ya mistari mitatu: mashine hii haijui kutoa, inasema tisa badala ya tano, inatuharibia jina, naomba iondolewe. Akatia sahihi, na lori likaagizwa kwa Ijumaa iliyofuata.

Mwalimu Watiri aliposikia, aliingia ofisini kwa Bwana Kingori bila kubisha hodi, jambo ambalo hakulifanya kabla wala baada ya hapo. Nilikuwemo, nikamsikia. "Mwalimu, hii ndio chuo kikuu yangu," alisema. "Nipatie tu mpaka Ijumaa."

Wengi wenu hamjui maana ya maneno hayo. Barua ya kumkubali Makerere ilifika Giakanja katika miaka ya hali ya hatari, wakati hakuna aliyeruhusiwa kutoka kijijini bila pasi. Pasi haikupatikana, na mwaka uliofuata nafasi ilikuwa ya mtu mwingine. Alipata cheti cha ualimu baadaye, akafundisha, akalea watoto wanne, na vitabu vya hesabu alivyoviazima huku na huko akavisoma peke yake. Nilijisikia vibaya sana siku ile, lakini barua ilikuwa imeshatiwa sahihi.

Juma hilo alikula chakula cha mchana mbele ya kioo kile. Jumanne aligundua kwamba mashine haina wazimu, ila inaanza hesabu kutoka kulia. Inachukua tatu toa mbili, inapata moja, kisha kumi toa moja, tisa. Mwalimu mwingine angeandika onyo ukutani na kuishia hapo. Yeye aliendelea kuongeza namba, akaona kwamba ukiiamuru itoe safu nzima, alama zinapokezana zenyewe: toa, jumlisha, toa, jumlisha. Kile nilichokiita ubovu ndicho alichokihitaji kwa hesabu moja aliyoisoma katika vitabu vyake.

Alhamisi, saa ya chai, alitukusanya uwanjani na kamba na chaki. Alinisimamisha mimi katikati. Hatua moja mashariki, akaniamuru, hatua moja kaskazini. Sasa kutoka ulipoanzia, umeelekea wapi? Nilikuwa nimeelekea mlimani, au karibu na mlimani, kwa pembe ya nyuzi arobaini na tano. Hizo ndizo namba changamano, ambazo sisi wa umeme hatuwezi kufanya kazi bila kuzijua: sehemu moja mashariki au magharibi, nyingine kaskazini au kusini, na pembe katikati yake.

Kisha akanyoosha kamba chini, akatembea juu yake. Hatua nzima mbele. Theluthi ya hatua nyuma. Sehemu ya tano mbele, ya saba nyuma, kila mara kwa hatua fupi kuliko iliyotangulia, mpaka Bwana Kingori akaanza kucheka kwa kuona mama mwenye heshima zake akicheza namna ile. Alipochoka akatuingiza ndani, akaandika mstari mmoja mfupi, safu ya hatua elfu moja kama zile, akabonyeza. Akazidisha kwa nne, na kioo kikaonyesha 3.1406, jirani kabisa wa pai. Robo yake ni ile ile pembe yangu ya uwanjani, kwa kipimo ambacho mashine inatumia. Nyuma na mbele juu ya kamba, alikuwa amefika nilikofika mimi kwa kugeuka.

Lori lilikuja Ijumaa na kuondoka na madawati mabovu.

Tangu hapo wanafunzi walimwita Kulia-Kushoto, naye akajifanya hajui. Hakuwa mtu asiyekosea, msinielewe vibaya. Mara ya kwanza alipoiambia mashine itafute pembe ya hatua moja magharibi na moja kaskazini, yaani upande wa Nyandarua, ilitutuma Karatina, upande wa pili kabisa, kusini mashariki. Alikuwa amegawanya namba moja kwa nyingine na kusahau kwamba kugawanya kunapoteza upande. Alicheka mpaka akatoa machozi, akaongeza nusu mzunguko panapohitajika, na kila kundi jipya akalisimulia kosa hilo mwenyewe. Mafundi wangu wa umeme wa miaka minane wamejifunza pembe zao kwenye kioo kile.

Juma lililopita alinikabidhi faili za idara. Ndani nilikuta barua yangu ya mwaka 1980. Ile tano yangu imezungushiwa wino mwekundu, na pembeni ameandika: "Mwandiko mzuri. Rudia hesabu."

Nimerudia, Mwalimu. Kompyuta mpya zimefika muhula huu, na bodi ikauliza ile kuukuu ifanyweje. Nikaandika barua ya pili ya kuomba iondolewe chuoni, mistari mitatu kama ile ya kwanza, nayo imekubaliwa. Lori liko nje. Safari hii linaelekea Giakanja, kwako. Nyaya za kile chumba ulichodhani ni kibanda cha kuku wanachokujengea wanao nimezikagua mimi mwenyewe, na umeme uliwaka jana.

Asante kwa paa lisilovuja, na kwa kutufundisha kusoma upya kabla ya kulaumu. Nenda ukakae mbele ya kioo chako bila kengele ya kukuinua. Tunakuombea afya, chai ya moto na siku nyingi, nasi tutakuja kukutembelea chuoni kwako.

Athman Dawud, Idara ya Umeme