Waya Uliochubuka: Maisha ya Mzee Yekosofati Gidudu, Fundi wa Pinboli

Ndugu waombolezaji, wa hapa Wanale na mliotoka Jinja, historia hii inasomwa na Namono, kitinda mimba wa marehemu, kwa niaba ya familia, na inasomwa kwa Kiswahili, ingawa wengine wenu mnakichukia kwa ajili ya askari waliokitumia kututesa, kwa sababu wakwe wa Budondo na wajomba wa Wanale hawana lugha nyingine ya kusikilizana.

Mzee Yekosofati alizaliwa hapa tarehe 12 Machi 1941, akasoma shule ya msingi hadi mwaka 1955, akajifunza ufundi wa umeme mjini Mbale, na Februari 1960 akaajiriwa Jinja na Bwana Vallabh, mwenye hoteli. Mwaka 1964 Vallabh alileta pinboli kutoka Mombasa, sanduku kubwa la kioo na taa ambamo mchezaji hufyatua gololi ya chuma na kuhesabiwa pointi, na kwa kuwa marehemu peke yake aliweza kuifungua na kuifunga tena ikawaka, yeye ndiye aliyekabidhiwa ufunguo. Fundi mwenzake, Bwana Semei, jirani yake pale mtaa wa Walukuba, hakulimeza jambo hilo.

Tarehe 18 Desemba 1965 alifunga ndoa na Nangobi wa Budondo, wakajaliwa watoto watatu, Nabifo, Masaba na Namono.

Novemba 1972 Vallabh na mkewe Dhanlaxmi walifukuzwa nchini pamoja na Wahindi wengine, hoteli ikachukuliwa na kapteni mmoja wa jeshi. Juni 1977 mashine ilianza kuzima katikati ya mchezo, hasa kapteni alipocheza mbele ya wageni, kwa kuwa alikuwa akiisukuma kwa tumbo na magoti, na Semei akamwendea akamwambia kwamba Yekosofati amekata waya makusudi ili amwaibishe. Huu si uvumi, marehemu alimsikia kwa masikio yake Semei akiyarudia, yeye akiwa amelazwa kifudifudi sakafuni. Alifungwa siku tisa, akapigwa kwa kitako cha bunduki hadi sikio la kushoto likafa, na siku ya kumi akaletwa mbele ya mashine, damu haijakauka shatini.

"Hii mashine nachekesha watu juu yangu," kapteni alisema. "Tengeneza sasa hivi. Ikizima tena, wewe pia nazima."

Marehemu hakuwa na kifaa ila balbu ndogo, betri na vipande viwili vya waya. Alipima fyuzi, zilikuwa nzima, akasafisha swichi, mashine ikazima tena, kapteni akafungua kifuko cha bastola. Alifuata waya mmoja baada ya mwingine kuanzia kwenye transfoma, hadi akaukuta mwekundu uliochubuliwa na bawaba ya mlango wa sanduku la mashine, ambao kila mashine ilipotikiswa uligusa bati, na umeme ukaenda kwenye swichi ya kukomesha mchezo.

"Afande, tazama," alisema. "Mlango ndiyo nakula waya. Si mtu."

Kapteni alicheza mara tatu bila mashine kuzima, akamwambia aende nyumbani.

Aprili 1979, serikali ilipoangushwa na askari wake wakakimbia, Semei yule yule aliwaambia watu wa Walukuba kwamba Yekosofati alikuwa mtu wa kapteni, kwani nani mwingine alitoka kule akiwa hai? Nyumba ilivunjwa, magodoro na zana zote zikabebwa, mama akatembea na watoto hadi Budondo, na baadhi ya waliobeba wameketi leo chini ya turubai hili, wamevaa nguo za msiba.

Marehemu alirudi Wanale kulima kahawa. Mwaka 1993 Harshad, mwana wa Vallabh, alirudi kudai hoteli yake, akaikuta pinboli stoo, Semei akaihangaikia wiki tatu, akatangaza imekufa. Harshad alipanda hadi hapa kumchukua marehemu, ambaye alikuta koili mbili zimeungua, akazisuka upya kwa mkono, na siku ya pili taa zikawaka. Semei alikuja akaomba aonyeshwe.

"Mashine nitakufundisha, haijanikosea kitu," marehemu alimjibu. "Lakini wewe usiniite ndugu."

Alimfundisha hadi jioni, asimpe mkono.

Kisukari kilimshika mwaka 1999, kikafika kwenye figo, akalazwa hospitali mjini Mbale tarehe 20 Januari 2004, na akafariki Jumatatu tarehe 9 Februari, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika miguu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Bwana Harshad, na mafundi waliokuja kumwona. Kwa majirani wa Walukuba, inawashukuru Kadija na Ramula, waliompa mama maji na viatu siku ile ya Aprili, na wengine haina la kuwashukuru.

Bwana Semei ameomba kwa maandishi azungumze hapa kama rafiki wa ujana. Jibu marehemu mwenyewe alikwisha kulitoa mapema, kitandani, tarehe 2 Februari, mbele yetu sote watatu: "Aje, akae, ale. Asiongee."

Chakula kipo, Bwana Semei.

Baba, umefika. Lala.