Ng'ombe wa Baba Mkwe Hospitalini

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naomba msinicheke, maana leo nimesimama hapa mbele kushuhudia habari za tumbo la kuhara.

Wengi mnanijua, mimi ni mkulima wa alizeti hapa Kinyangiri. Wakati ule wa corona, wenzangu walianza na kikohozi, mimi nikaanza na tumbo. Nilihara, nikatapika, hata uji wa uwele ukanishinda. Majirani wakasema, "Ni ule mlenda wa jana." Baadaye ndipo kikohozi kikaja, na pumzi ikawa fupi mno. Mume wangu alikuwa mbali machimboni, kwa hiyo aliyenifikisha hospitali ni baba mkwe.

Ndugu zangu, heshima ya baba mkwe mnaijua! Mbele yake hata kupiga miayo unajikaza, utatajaje choo? Nimewekewa oksijeni, muuguzi akauliza, "Mama, unaharisha?" Mzee amekaa palepale na barakoa yake. Nikatikisa kichwa: hapana. "Unatapika?" Hapana. Na huku midomo imekauka kama ngozi ya mbuzi juani, mwili unaishiwa maji, maisha yanateleza! Nikaomba moyoni: Bwana, nifungulie njia, mdomo wangu umefungwa.

Mara mzee akainuka, akashika fimbo yake. "Binti, ngoja nitoke nikaangalie ng'ombe."

Muuguzi akashangaa. "Ng'ombe gani tena, babu? Hapa ni hospitali!"

"Wapo. Nikishatoka, muulize tena huyo mwanangu. Muulize vizuri."

Haleluya! Mlango ulipofungwa tu, nikasema yote. Wakanitundikia dripu, wakanipa maji ya ORS ninywe kidogo kidogo. Muuguzi akanielewesha taratibu: kirusi kile hushambulia mapafu, lakini kwa wengine hushika na tumbo, na pengine tumbo ndilo hutangulia. Kumbe mlenda wa watu ulisingiziwa bure! Tena si aibu, ndugu zangu, ni ugonjwa, na mganga hatibu asichoambiwa.

Siku ya kuruhusiwa, mzee alinisubiri getini. Nikapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nikajitia ujasiri. "Wale ng'ombe mliwaona?"

Akatazama kando, kama ilivyo desturi yake na mimi. "Alikuwepo mmoja, amekauka kwa kiu. Sasa amekunywa."

Nililia pale getini, ndugu zangu. Namshukuru Mungu aliyenipa pumzi tena, na aliyenipa mzee yule, mnamwona pale benchi la dirishani, anajifanya hasikii.

Nawe uliyebeba jambo usiloweza kulitamka, la mwili au la moyo, la mwili mwambie muuguzi, na yote mwambie Yesu. Mwamini tu! Mbele zake sote ni wana. Hakuna wakwe.