Masista Wanajenga Tena

Benchi letu la kahawa liko Mwembesongo, limeegemezwa kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba moja ya kupanga ambayo mlango wake unatazama mtaa wa pili. Mwenye birika ni Hatibu. Yupo Profesa, aliyeendesha basi la chuo kule Mzumbe mpaka akastaafu, akaondoka na maneno ya wahadhiri. Yupo Chuma, wa kiwandani, kiwanda kilifungwa zamani lakini yeye bado anaongea kwa sauti ya kushindana na mashine. Mimi wananiita Fundi Saa. Siku hizi nani anatengeneza saa, ila jina limebaki. Jioni hiyo mawingu yalikuwa yameshafunika Uluguru, na mimi nilikuwa na fomu mfukoni, nimeikunja mara nne. Nafasi moja tu ilikuwa wazi: mtu wa karibu. Sista Devotha aliyenipa fomu hiyo aliniambia, hata usipompata tutakupokea, babu, lakini tafuta. Nikaona nitamwomba mmoja wa hawa. Nilitaka niende nikiwa na mtu.

Chuma akaanza kabla yangu, kama kawaida yake.

Chuma: Mmeona masista wanajenga tena?

Hatibu: Wapi?

Chuma: Kule njia ya mlimani, kwenye kile kituo chao cha wazee. Walianza na kijumba kimoja, vitanda sita. Wakaongeza zahanati. Sasa wanapandisha jengo la tatu, vyumba ishirini, kila kimoja na kibaraza chake.

Profesa: Hilo ni suala la kidemografia.

Hatibu: Kunywa kahawa, Profesa.

Chuma: Mimi nawaambia, wale wanataka maji. Jengo limekaa pale pale chemchemi inapotokea. Wazee ni geresha tu. Mwakani mtaona maji ya chupa yana picha ya msalaba.

Hatibu: Maji wachukue. Mimi naogopa dini. Unaingia Hatibu, unatoka Kasimiri.

"Si kweli," nikasema. "Wanapokea watu wa dini zote. Chumba cha kuswalia kipo."

Profesa: Umejuaje?

"Nimesikia."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu, nikaichezea. Mkono ulishafika mfukoni, lakini Profesa akaweka kikombe chini, na Profesa akiweka kikombe chini hakuna mwingine anayesema.

Profesa: Nyinyi mnaona karibu. Ulaya wazee wamejaa, hawana pa kuwaweka. Hewa ya Morogoro imeshapimwa. Watashushwa Dar na ndege, watapakiwa kwenye treni ya umeme, chini ya saa mbili wapo hapa. Mtamwona mzee wa Kitaliano anashuka stesheni na fimbo yake, anaulizia ugali.

Chuma: Na bibi zao?

Profesa: Behewa la pili.

Wakacheka. Na mimi nikacheka, ndicho kinachoniudhi mpaka leo.

Hatibu: Lakini tuseme siyo Wataliano. Nani atajaza vyumba ishirini? Hapa Morogoro mzee gani hana watu?

Chuma: Hayupo. Mluguru ana ukoo, ana wapwa. Mpwa hawezi kumtupa mjomba wake.

Mpwa ninaye mmoja, Nasibu, mtoto wa marehemu dada yangu Mwanahawa. Yuko Tunduma, kama bado yuko Tunduma. Simu yake haipatikani tangu mwaka juzi. Mke tuliachana zamani, mtoto hatukujaliwa. Na mwezi wa nne niliugua malaria siku tisa.

Chumba changu ni hiki hiki, nyuma ya migongo yao. Kitanda kimegusa ukuta tunaouegemea. Kila jioni natoka, nazunguka kona, naja kukaa, na kwa miaka kumi na saba hakuna aliyeuliza natokea wapi. Wala mimi sikusema, kijiweni watu hawakaribishani majumbani. Siku zile tisa niliwasikia kila neno. Siku ya pili Hatibu aliuliza, Fundi yuko wapi? Profesa akasema nimekwenda Mikese kwenye harusi. Siku ya tano, kwa maneno yao, nilikuwa nimeshahamia Mikese kabisa, nimeoa. Nikachukua kijiko nikagonga ukuta. Nikagonga tena. Chuma akasema humo ndani kuna panya. Nililia, sioni haya kusema.

Gari dogo jeupe likasimama mbele ya benchi. Akashuka Sista Devotha, binti ambaye hajafika hata miaka thelathini.

Sista: Shikamooni, wazee.

Tukaitikia marahaba.

Sista: Babu Luqmani, uko tayari?

Chuma akageuka kuangalia Luqmani ni nani.

"Ni mimi," nikasema. "Nahamia kule juu."

Profesa akakitazama kikombe chake.

Profesa: Ungetuambia, Fundi.

"Nilikuwa nataka kuwaambia."

Nikaitoa fomu, nikampa Sista na nafasi yake wazi vile vile. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Akawageukia wenzangu akitabasamu.

Sista: Afadhali wenzake mpo. Kuna sanduku na godoro, na babu mgongo wake ndio huo, peke yangu sitaweza. Nani kati yenu anapajua kwake, twende tukabebe?

Hatibu akainua birika, akalitikisa. Lilikuwa tupu.

Profesa: Si kule Mji Mpya?

Chuma: Kihonda. Huyu mtu wa Kihonda.

Hatibu: Kihonda ni mbali, kila siku angekuja na nini?

Wakaniangalia. Nikawapa muda. Niliwapa muda mrefu kweli, mpaka Sista akaacha kutabasamu. Chuma akashindwa kunitazama, akarudi nyuma, akaegemeza mgongo ukutani.

"Chuma," nikamwambia, "hapo ulipoegemea ndipo kwangu."

Akajitoa polepole. Akageuka, akautazama ukuta, kisha akaugonga kwa kidole mara mbili. Ndani hakukuwa na mtu wa kumwitikia.