Nukta ya Mzee Nduwayo

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa duka langu la ushonaji, Biryogo, hapa Kigali, pale kichochoro kinapokata kona kuelekea msikitini. Jina langu Shema, lakini hapa ni Fundi tu, na cherehani yangu nimeiweka mlangoni kabisa ili nisipitwe na neno. Mwanzo wa benchi hukaa Mugenzi, dereva wa pikipiki, tunayemwita Satelaiti kwa sababu ana simu mbili kwenye usukani na bado hupotea akienda Kabuga. Anafuata Jean-Berchmans, Profeseri, aliyekulia Bujumbura, akafundisha darasa la nne miaka mitatu, akaacha kazi lakini hakuacha kusahihisha watu. Kisha Rodney, aliyekulia Kampala, basi jina lake ni Kampala. Na mwisho wa benchi, karibu na mguu wa cherehani, hukaa Mzee Nduwayo, aliyenifundisha kukata suruali siku zile nilipokuwa sijui hata kushika mkasi. Termosi ya kahawa ya tangawizi hukaa chini, na sheria ni moja: ikiisha, mwenye zamu anaipeleka kwa Alida ikajazwe. Zamu inafuata mpangilio wa kukaa. Jana ilikuwa ya Kampala, kwa hiyo leo ilikuwa yangu, maana Mzee tunamruka tangu akili yake ianze kutoka matembezi bila kumuaga.

Asubuhi hiyo Christella, binti yake, alimleta kama kawaida kabla ya kupanda basi la Kabuga, anakouza vitambaa. Alimkalisha, akamfunga vifungo vya koti, halafu akanivuta pembeni.

– Fundi, jana simu ya Papa ilizima saa tano.

– Ni hiyo lokesheni, dada. Inakula betri sana.

– Najua inakula. Lakini bila hiyo tungempata wapi?

Alisema kweli. Miezi miwili nyuma Mzee aliondoka kwa miguu, tukamkuta Gahanga, kandokando ya barabara ya Bugesera, viatu mkononi. Alikuwa anakwenda Burundi kumsalimia mama yake, ambaye alifariki sisi wengine hatujazaliwa. Ile nukta ya buluu kwenye simu ya Christella ndiyo iliyotufikisha pale, na betri ya Mzee ilikuwa imebaki asilimia mbili.

– Leo ikizima tena kabla ya saa sita, kesho namfungia nyumbani, alisema Christella. Siwezi kuuza Kabuga na moyo nimeuacha huku. Munisamehe.

Akaenda. Mimi nikabaki nimeshika kipande cha kitambaa, nimesahau kilikuwa cha nani. Mzee akifungiwa ndani peke yake hatamaliza mwaka, hilo nalijua kama ninavyojua kiuno cha suruali kwa kukitazama.

Saa tatu na nusu simu ilikuwa imeshuka mpaka asilimia arobaini na moja. Satelaiti akaichomoa kwenye koti la Mzee, akaichomeka kwenye betri yake ya akiba, ile anayotembea nayo kwenye pikipiki, na kikao kikaanza.

– Sikieni, shida iko hizi milima, alisema Satelaiti. Satelaiti yenyewe iko juu, inamfuata Mzee. Inapanda Rebero, inashuka, inapanda Mont Kigali. Inachoka. Ikichoka inavuta moto kwa simu. Haba na haba hujaza kibaba!

– Hapo kibaba kinamwagwa, hakijazwi, nikamwambia.

– Mais non, sivyo! Profeseri akainua kidole. Hii simu ilinunuliwa wapi? Dubai. Yenyewe inajua kwao ni Dubai. Kila asubuhi lokesheni inasafiri toka Dubai mpaka Kigali, jioni inarudi. Nani hatachoka? Mwacha mila ni mtumwa.

– Sasa Rwanda iko mbali na Dubai kwa simu? nikauliza.

– Kwa simu ndiyo mbali zaidi. Haina paspoti.

Kampala alicheka mpaka akakohoa, kisha akaleta yake.

– Nyie hamuoni. Mzee anakaa sana. Simu inauliza, uko wapi? Biryogo. Inauliza tena, uko wapi? Biryogo. Haiamini, sha! Mtu gani anakaa benchi moja toka saa mbili? Basi inauliza, inauliza, betri inakwisha. Dawa yake, Satelaiti aizungushe mjini kidogo na pikipiki, iridhike. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

– Christella ataona babake anakimbia kilomita sitini kwa saa! akasema Profeseri.

– Atafurahi. Atajua amepona.

Wakati huo Mzee Nduwayo aliinama, akaitikisa termosi, akaisikiliza.

– Kahawa imeisha, akasema, akinitazama mimi.

– Subiri kidogo, Mzee, nikamjibu. Tunakuokolea betri.

Alitikisa kichwa polepole. Mimi nikageuka, maana Satelaiti alikuwa ameanza kuvua kava la simu.

– Ina joto. Homa. Tuzime lokesheni dakika kumi tu, ipumzike.

– Ukiizima nakukata sikio kwa huu mkasi.

– Basi tuipeleke kwa muuza samaki, iko na friji, akasema Kampala. Mficha uchi hazai.

Hakuna aliyemuuliza uchi umeingiaje. Kikao kilikuwa kimefika kwenye suala la kuifunga simu kwa jani la mgomba, wazo la Profeseri, aliposimama mbele yetu msichana mwenye sketi mkononi. Alijitaja kuwa ni Kaliza, ametumwa kwangu na shangazi yake, anataka sketi ipunguzwe.

– Mwaramutse. Nani anaumwa?

– Simu ya Mzee, tukajibu sote, na kila mmoja akamweleza ya lokesheni kwa njia yake.

– Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Profeseri, na ilikuwa methali ya kwanza siku hiyo kukaa mahali pake.

Kaliza aliichukua simu, akaingia kwenye setingi, akashuka taratibu kwa kidole gumba. Tulimzunguka. Mimi nilitoka nyuma ya cherehani, Satelaiti akapanda juu ya benchi ili aone vizuri.

– Tatizo si lokesheni yenyewe, alisema. Tatizo ni wanaoitumia. Tazameni. Hii programu ya tochi inajua Mzee alipo, saa zote. Tochi inataka nini?

– Ijue giza liko wapi, akasema Satelaiti.

– Huu mchezo wa karata unajua. Hali ya hewa inajua. Hii ya kupunguza tumbo inajua.

– Mzee hana tumbo.

– Basi nani aliiweka?

Satelaiti akashuka kwenye benchi, akaanza kukagua pikipiki yake iliyokuwa nzima kabisa. Ni yeye anayeazima simu ya Mzee kila alasiri, eti ampumzishe.

– Ziko kumi na moja, akasema Kaliza. Kumi na moja zinamfuata mtu mmoja mchana kutwa. Nazizuia zote. Nabakisha hii ya familia peke yake, iwe kila wakati. Sasa itafika jioni.

Asilimia sitini na mbili! Kampala akapiga makofi. Profeseri akasema ndiyo hivyo alivyokuwa anaeleza toka mwanzo. Nilimwambia Kaliza sketi yake haina malipo, na ya shangazi yake pia, na nilikuwa nasema kweli, maana kifua kilikuwa kimenifunguka. Kabla sijamaliza, simu yangu ikalia. Ujumbe wa sauti, Christella. Nikauweka kwa sauti kubwa wote wasikie.

– Fundi, naangalia hapa Kabuga. Nukta ya Papa haijatikisika toka saa tatu, iko palepale kwenu. Murakoze cyane, asanteni sana. Sijui niwalipe nini. Leo ndiyo siku ya kwanza nauza na moyo uko sawa. Mungu awabariki mnavyomtunza.

– Umesikia? akasema Kampala. Mnavyomtunza!

Kaliza alichomoa waya, akaufungafunga vizuri.

– Basi murudishieni mwenyewe. Yuko wapi?

Sote wanne tukaonyesha mwisho wa benchi kwa pamoja.

Mwisho wa benchi palikuwa patupu.

Simu ilikuwa mkononi mwa Kaliza, nukta iko sawasawa, inasema Mzee Nduwayo amekaa Biryogo kwenye kijiwe chake. Saa nzima tulikuwa tumekumbatia nukta, na mtu hatunaye.

– Mana yanjye, Mungu wangu, akasema Satelaiti. Gahanga.

Akapanda pikipiki akaondoka bila kofia kichwani, kitu ambacho dereva wa Kigali hafanyi hata akiwa anaota. Profeseri akakimbilia msikitini, ingawa Mzee ni Mkatoliki. Kampala akaenda barabara kubwa. Nilimwachia Kaliza duka, mtu niliyemjua kwa robo saa, nikaingia vichochoroni. Nilikuwa nimevaa ndala na futi ya kupimia shingoni, na ule ujumbe wa shukrani ulikuwa unanichoma kuliko kama Christella angenitukana. Huyu mzee alinipa mkasi wake wa kwanza. Alinilisha. Mimi nimemwambia subiri, tunakuokolea betri.

Mama wa sambusa aliniona kabla sijamuuliza.

– Mzee wa koti la kijivu? Amepita. Amenisalimia vizuri.

– Amekwenda upande gani?

– Kule chini. Na termosi yake.

– Termosi gani?

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mlevi. Fundi viatu akanyoosha mkono, kule. Watoto waliokuwa wanacheza mpira wa karatasi wakanyoosha mkono, kule. Kila niliyemuuliza alikuwa amemwona, na kila mmoja alikuwa amesalimiwa. Nikafika kwa Alida nikihema.

– Mbona nilimjazia zamani! alisema Alida. Nikamwambia Mzee, wewe wanakurukaga. Akasema jana alikuja Rodney, kwa hiyo leo ni zamu yake.

Nilimkuta nyumba sita mbele, pale vichochoro vitatu vinapokutana. Alikuwa amesimama katikati, termosi ameikumbatia kwa mikono miwili, anatazama kimoja, anatazama kingine. Aliponiona, uso wake wote ulitulia.

– Fundi, benchi mmelihamishia wapi?

– Liko palepale, Mzee. Ni sisi tuliohama.

Nilimshika mkono. Nikataka kumpokea termosi, akakataa katakata.

– Zamu ni yangu.

Tulirudi polepole, tukisalimiana na watu walewale. Nililia kidogo, siwezi kuficha, na sikuona haya. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru mama wa sambusa, fundi viatu, wale watoto, Alida, na kichochoro kizima kilichokuwa macho wakati mimi nimetazama kioo cha simu.

Kampala na Profeseri walikuwa wamerudi, wamekaa kama wanafunzi wanaosubiri fimbo. Satelaiti tulimpigia, alikuwa kweli amefika Gahanga, akasema anarudi. Kisha nikampigia Christella. Kampala alininong'oneza nisiseme, nukta haikutikisika, nani atajua? Nikampa mgongo.

Nilimwambia yote. Kwamba simu ilikuwa kwetu, na Mzee hakuwa kwetu. Kwamba aliponishukuru, babake alikuwa njia panda na sisi tunapiga makofi.

– Alikuwa anakwenda Burundi? akauliza.

– Hapana. Alikwenda kujaza kahawa. Alisema ni zamu yake.

– Ilikuwa zamu yake?

– Ilikuwa. Sisi tunamrukaga, dada. Yeye alikumbuka.

– Fundi, nyumbani hakumbuki jina langu. Ananiita kwa jina la shangazi yake. Alikumbukaje zamu?

Niliwatazama wenzangu.

– Hatujui, nikasema.

Akavuta pumzi, na nikasikia kwamba analia na anacheka.

– Basi kesho namleta. Lakini simu ikae kwenye koti lake, hata ikizima. Na msimruke tena. Mmoja amsindikize.

– Murakoze, dada, nikasema.

Nilichukua sindano, nikashona kifungo juu ya mfuko wa ndani wa koti la Mzee, yeye akiwa amelivaa, simu ikiwa humo, nukta na mwenyewe pamoja. Aliukagua mshono kwa ukucha, kama zamani.

– Karibu iwe vizuri, akasema.

Halafu akamimina kahawa. Mimi, Profeseri, Kampala. Kikombe cha nne akampa Kaliza, ambaye alikuwa bado ameshika sketi yake. Cha tano akakifunika kwa kisahani, akakiweka mwanzo wa benchi, pale anapokaa Satelaiti. Cha mwisho kilipata nusu, akakichukua yeye.

– Kesho zamu ya nani? akauliza.

– Yangu, Mzee.

Akanitazama juu ya kikombe.

– Usisahau.