Joka la Sultani Yahaya na Boksi la Pili

Kuanzia Bagamoyo mpaka Ujiji, njia yote waliyopita wabeba pembe na wabeba shanga, hakuna kijiwe kinachokifikia hiki cha Tabora, na anayebisha aje akae asubuhi moja tu, atarudi kwao ameshika adabu. Ni benchi la mninga lililoegemea banda la baiskeli, njia ya kwenda stesheni, na mbele yake jiko la Mwanajuma, ambaye kahawa yake iliwahi kumwinua mgonjwa aliyekwisha kuanza kugawa nguo zake. Benchi hilo limeamua vita, limevunja ndoa, limepanga timu ya taifa. Na hapo ndipo Yahaya, fundi baiskeli, alipokuwa Sultani, mpaka siku usultani wake ulipotikiswa na kiboksi kidogo kuliko tofali.

Usultani wenyewe ulikuwa wa karata. Mzungu mmoja aliyekuwa akiifuata njia ya misafara kwa baiskeli alikatikiwa ekseli pale pale. Yahaya akamtengenezea, na mzungu kwa furaha akaacha benchini boksi la karata za mapicha: majini, wachawi wa ndevu, mabibi, mazimwi, na joka moja jekundu linalotema moto. Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kijerumani, na Mwanajuma akakifungia karanga mpaka kikaisha. Basi sheria wakajitungia wenyewe, kama inavyowapasa watu wa mji wa misafara: kila atupaye karata humlipa hongo mwenye joka, karata moja, kama wapagazi walivyowalipa watemi ili wapite. Mwenye joka akizimaliza karata za wenzake, ndiye Sultani. Na mwenye joka alikuwa Yahaya, jana, juzi, na mwaka juzi.

Msimcheke. Bodaboda zimeshakula baiskeli za mji huu; kuna siku Yahaya huziba pancha moja tu mpaka magharibi. Nyumbani mkewe humwita "wewe", na wanawe hata hilo hawamwiti. Lakini akifika benchini watu husogea, na mtu mzima akisogelewa na watu, hata mgongo hunyooka.

Asubuhi hiyo Nurdini alitokea stendi akitembea upande upande kama aliyeficha kuku. Nurdini wanamwita Dalali kwa sababu hajawahi kumiliki kitu, lakini hakuna kitu mjini kilichouzwa bila yeye kuwapo. Akakiweka kiboksi katikati ya benchi.

– Semeni bismillahi kwanza, akasema. Hii ni nyongeza.

– Nyongeza ya nini? akauliza Mwanajuma.

– Ya mchezo wetu. Mpwa wangu Kariakoo kaipata. Karata mpya, majini mapya, na humo ndani kuna majoka mengine. Tazameni picha ya juu.

Walitazama. Juu ya kiboksi palikuwa na joka jeusi, na chini ya ukucha wake, dogo kama mjusi, joka jekundu.

Yahaya aliona. Akautia mkono mfukoni, ambamo joka lake jekundu hulala, maana Sultani huenda nalo nyumbani.

– Anataka nini mpwa wako? akauliza kwa sauti ya mtu asiyejali.

– Dumu la asali ya kijiwe, lile tuliloletewa kutoka Sikonge. Kondakta wa basi anaondoka adhuhuri. Ama anaondoka na asali, ama anaondoka na boksi.

– Aondoke na boksi, akasema Yahaya.

– Sultani, hujalifungua bado.

– Simu yako ilikuwa nzima au haikuwa nzima?

– Simu gani tena, kaka?

– Simu yako, Nurdini. Ilikuwa nzima. Ukaambiwa sasisha. Ukasasisha. Leo ukipiga inaita yenyewe, ukipigiwa inalia kama mbuzi. Nyongeza ndiyo hiyo. Wanakuletea kipya ili cha zamani kife.

Watu wakatikisa vichwa. Lilikuwa neno zito, na Yahaya akajiona ameshinda kabla jua halijapanda. Lakini Ngassa alikuwa ndiyo kwanza anaegesha pikipiki. Huyu ni Msukuma wa Igunga, aliuza ng'ombe akanunua bodaboda, na tangu siku hiyo hueleza kila jambo la dunia kwa njia ya ng'ombe, kwa majuto. Kijiweni jina lake ni Zizi.

– Mwangaluka, akasalimia, akaketi. Nimesikia toka kule. Sultani ana haki, ila sababu siyo simu. Sababu ni kupe.

– Haya, akasema Mwanajuma. Kahawa ya leo itakuwa na maziwa.

– Dada, cheka tu. Ng'ombe mgeni humwingizi zizini siku hiyo hiyo. Unamtenga, unampeleka josho, unamwangalia kinyesi. Sasa hizi karata zimetoka Kariakoo. Unajua zimelala na karata gani? Ukizichanganya na zetu leo, keshokutwa majini yetu yanakohoa.

– Karata haina kinyesi, Zizi.

– Wewe ulikagua?

Nurdini aliona asali inamponyoka, na pamoja na asali, kile kifuniko kimoja ambacho dalali hujichotea njiani kwa kuhakikisha ubora. Akasimama. Nurdini akisimama, jua hubadili njia.

– Nyinyi hamjui mnachokikataa, akasema. Huu mchezo mnadhani ni wa nani?

– Wa mzungu wa ekseli.

– Mzungu wa ekseli alikuwa anaurudisha. Ndiyo maana hakudai hata senti. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Misafara ilikuwa ikifika Unyanyembe inakaa hapa miezi, inangoja mvua ikatike, inangoja watemi wapatane. Watu elfu nzima wamekaa, hawana la kufanya. Wakachora karata kwenye ngozi za mbuzi. Joka lile ni chatu wa mbuga ya Wembere, muulizeni yeyote. Wajerumani walipokuja, wakaona, wakachukua, wakaweka mabawa. Kwa hiyo nyongeza siyo mali ya Kariakoo. Ni mali yetu, imepotea, imerudi nyumbani imechoka, na nyinyi mnaifungia mlango.

– Babu yako alikwambia lini? akauliza Yahaya.

– Alinitokea.

Hapo palikuwa pagumu, kwa sababu mtu aliyetokewa huwezi kumwomba ushahidi. Mwanajuma akamimina kahawa, akamega kashata, akaivuta stuli yake karibu. Mwanajuma hucheza pia, tena vizuri, ila kila siku hulipa hongo mpaka mikono inabaki mitupu.

– Mimi nataka lifunguliwe, akasema. Si kwa ajili ya babu wa Nurdini. Angalieni hilo joka jeusi. Hilo ni jike.

– Umejuaje?

– Linavyotazama. Hilo ni mke wa joka la Sultani. Joka jekundu limekaa peke yake miaka yote hii likitema moto ovyo, linatafuta nini? Sasa mke amekuja kumtafuta. Mkimrudisha kwenye basi, mtakuja kujibu.

– Na akifunguliwa, akasema Ngassa, atataka nyumba. Boksi la tatu litakuwa nyumba. La nne mama mkwe. Nawaambia, hiki si kiboksi, hii ni mahari ya kulipa mpaka ufe. Mimi nimelipa ng'ombe, najua.

– Basi Zizi unakataa? akauliza Nurdini.

– Sikatai. Nasema tulitenge kwanza kwenye banda la Sultani mpaka masika.

– Kondakta anaondoka adhuhuri.

– Kondakta naye atengwe.

Yahaya alikunywa kahawa yake polepole, akihesabu nyuso. Nurdini anataka, Mwanajuma anataka, Ngassa anayumba. Aliona akilini joka jeusi likikaa mahali pake pa kuegemea ukuta, na yeye amesogezwa mwisho wa benchi penye jua na moshi, akisikiliza watu wakimwita fundi. Ikabidi atoe hoja yake kubwa.

– Mnajua ni kwa nini mvua ya mwaka huu imechelewa?

Mwanajuma akaweka birika chini, wote wakamgeukia Yahaya.

– Joka ni mnyama wa moto. Moja tu tunalo, na mji unawaka hivi. Mkiongeza la pili, bwawa la Igombe litakauka, tutaoga kwa mate. Mimi joka langu nalilaza ndani ya mfuko, kwenye kitambaa, nalifunika. Mnadhani nalifunika kwa raha zangu? Nawasetiri nyinyi. Miaka yote hii naubeba mji huu mfukoni na hakuna aliyeniambia ahsante.

Ilikuwa hotuba ya kuandikwa kwenye kanga. Hata Nurdini aliyetokewa alikaa chini. Ngassa akatazama mbinguni, akaona kweli hapakuwa na wingu, akasema taratibu kwamba ng'ombe wa Igunga nao wamekonda.

Hapo hapo akafika msichana mmoja na begi lake la safari. Anaitwa Elieth, kama alivyojitambulisha baadaye, mwalimu mpya anayengoja treni ya Kigoma, na treni ilikuwa imechelewa kwa desturi yake.

– Shikamooni.

– Marahaba, karibu mwanangu, akasema Mwanajuma akimpa kikombe. Keti. Hawa wanagombania joka, hawaumi.

Akaketi. Akasikiliza kidogo, akaliona boksi la zamani lililochakaa pembe, akaona na lile jipya.

– Huu ni mchezo wa karata?

– Ni zaidi ya mchezo, akasema Nurdini, lakini ndiyo.

– Unashindwaje? Yaani, mshindi anapatikanaje?

Yahaya akatabasamu. Swali la aina hii ndilo alilolipenda, swali ambalo jibu lake ni yeye.

– Mshindi ni mwenye joka, binti yangu. Kila mtu akicheza anamlipa hongo mwenye joka, mpaka waishe.

– Na joka analipata nani? Mnagawa?

– Joka haligawiwi, akasema Ngassa, akishangaa mtu aliyesoma kutojua. Joka analo Sultani.

– Sultani ndiye nani?

– Aliyeshinda jana.

Elieth alikunywa kidogo, akafikiri. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka kuelewa tu, kwa sababu treni haikuwapo.

– Sasa ile mara ya kwanza kabisa, akauliza, kabla hapajawa na jana, baba alishindaje?

Nurdini alisimama, kwa mazoea, akaketi tena. Mwanajuma alimtazama Ngassa. Ngassa alitazama pikipiki yake, kana kwamba ilikuwapo siku ile na ingeweza kusema. Yahaya naye alitafuta kichwani kwa dhati kabisa. Aliikumbuka ekseli. Aliukumbuka mkono wa mzungu ukiweka boksi benchini. Baada ya hapo alijikumbuka ameegemea ukuta, joka liko mkononi, na watu wanalipa hongo.

– Alishinda, akasema Ngassa hatimaye.

– Namna gani?

– Kwa kushinda.

– Nani alikuwa wa kwanza kumlipa hongo? akauliza Mwanajuma, na safari hii hakuwa anauliza kwa mzaha. Maana mimi nakumbuka nililipa. Sikumbuki kwa nini.

Yahaya aliona jambo linakwenda pabaya kuliko joka jeusi. Akakishika kiboksi kipya kwa mikono miwili.

– Jamani, saa zinakwenda, akasema kwa upole ambao haujapata kusikika. Nimefikiri upya. Nyongeza ni jambo jema. Lazima twende na wakati. Nurdini, chukua dumu, mkimbilie kondakta, tufungue hapa hapa.

– Sultani, si ulisema Igombe litakauka?

– Litajaa. Joka jike linapoza.

Lakini Nurdini, ambaye asubuhi nzima alikuwa akilipigania boksi lile, alilitazama sasa kama mtu aliyekumbuka kwamba ana chakula nyumbani.

– Hapana, kaka, akasema. Nyongeza ni ya mtu aliyecheza kilichopo akakimaliza. Sisi hiki cha kwanza hatujakicheza hata siku moja. Tumekilipia hongo tu.

Akakibeba kiboksi kwenda stendi. Yahaya akamwita mara mbili. Dalali hakugeuka, na mji mzima unajua kwamba hilo halijawahi kutokea mbele ya asali.

Ngassa akanyoosha kiganja. Kiganja cha mtu aliyezoea kukamua huweza kungoja muda mrefu, na kiliendelea kungoja, mpaka Yahaya akaingiza mkono mfukoni, akafunua kitambaa, akalitoa joka jekundu, limejikunja kidogo pembeni kwa jasho la miaka. Ngassa akalitia katikati ya karata nyingine, akachanganya, akachanganya tena, akampa Mwanajuma naye achanganye. Kisha akagawa kwa wote, na kwa Elieth pia, maana treni bado.

Yahaya aliziokota zake. Hakuwahi kuziangalia hizi nyingine. Zilikuwa zikimjia kama kodi, na mtu hasomi kodi. Akazifungua kidogo kidogo kwenye kiganja. Joka halikuwamo. Kulikuwa na zimwi lenye jicho moja, kulikuwa na jiwe, na kulikuwa na bibi mmoja mfupi ameshika ufagio, amemkazia macho.

Akamtazama bibi kwa muda. Akamgeuza, akamrudisha. Kisha akainamia upande wa Mwanajuma, akanong'ona ili mgeni asisikie:

– Huyu mwenye ufagio, kazi yake nini?

Mwanajuma akatazama. Akampa Ngassa atazame. Hakuna aliyejua.