Kalio la Kushoto la Machage

Swaa. Usiku wa kuamkia leo, hapa Nyakato, sauti hiyo moja ilipita nyuma ya nyumba yetu, na mbwa wote wakanyamaza. Asubuhi tukaijua: ndala ya kulia ya Machage, ikiburuzwa kwenda chooni. Sasa amekaa kwenye benchi la kahawa, mgongo umekakamaa kama mti wa nira, na benchi zima linamtibu kwa mdomo. Machage hupeleka samaki Bugwema kwa baiskeli. Jumatatu asipopanda, njia hiyo anapewa mwingine. Fundi baiskeli, mwenye banda, tunamwita Spoku. Dalali wa ng'ombe kutoka Bunda tunamwita Plau. Kahawa anamimina Revocatus, na maoni anayamimina bure.

SPOKU: Simama kwa mguu wa kulia. Haya. Sasa wa kushoto... Mmeona? Nyonga ya kulia imeshuka!

PLAU: Si ndiyo mguu mbovu, unaoburuzwa?

SPOKU: Hapana! Mbovu ni ule unaosimama! Kalio la kushoto limelegea, halishiki nyonga. Basi mguu wa kulia unakosa nafasi ya kupita, unasugua chini. Rimu hiyo, ndugu yangu! Spoku za upande mmoja zikilegea, gurudumu zima linakwenda upogo.

PLAU: Ah! Nilikuwaga na dume wa kulimia, mvivu, upande wa kushoto wa nira. Mwenzake akavuta peke yake, shingo ikatoka vidonda. Machage, mgongo wako ndiyo shingo ya yule mwenzake!

REVOCATUS: Haba na haba hujaza kibaba. Ndiyo maana kalio moja limejaa, lingine bado.

PLAU: Methali hiyo imeingiaje hapo?

REVOCATUS: Imeingilia kwenye kalio.

MACHAGE: Chekeni. Tangu nivunjike kifundo cha kushoto, nasukumaga pedeli kwa mguu wa kulia. Wa kushoto unapanda kama abiria.

SPOKU: Umeona! Abiria!

REVOCATUS: Mimi nasema ni ziwa. Mji wetu una maji huku na maji huku. Mtu akishinda sana mwaloni kupokea samaki, mwili unaelekea majini.

PLAU: Nyie hamjui kitu. Upande wa kushoto ni wa ujombani. Wajomba wamenuna. Chinja mbuzi!

SPOKU: Mbuzi atakazaje msuli?

PLAU: Wewe ulishawahi kumla mbuzi ukabaki umelegea?

Benchi lilitikisika kwa kicheko. Machage hakucheka.

MACHAGE: Kuna mtu amesomea mambo haya. Alinichungulia dirishani nikipita. Akamwambia mke wangu, "Mgongo wake anauonea. Alifanyishe kazi kalio la kushoto. Aje kliniki nimwoneshe."

SPOKU: Sasa si uende!

MACHAGE: Ni mkwe wangu. Mama yake mke wangu.

Wote wakadakia kwa pamoja:

— Mkwe!

— Akushike kalio?

— Kwetu ukimwona mkwe njiani, unaingia mihogoni!

MACHAGE: Naingiaga. Na jina lake sijalitaja tangu nipeleke ng'ombe wa mahari.

PLAU: Mila ni mila, bwana.

SPOKU: Hiyo mila Jumatatu itapanda baiskeli?

Machage akajaribu kuinuka amjibu. Mgongo ukamrudisha chini. Akabaki ameng'ang'ania nguzo ya banda, jasho likimtiririka, na hapo hata Plau alisahau mbuzi wake.

Ndipo akapita Yunis, binti wa mapokezi pale kliniki.

YUNIS: Shikamooni. Jamani, kaka Machage! Umepinda hivyo? Twende nikakuandikishe sasa hivi. Ila kwenye tiba ya viungo wako akina mama watatu, kila mmoja na chumba chake. Unamtaka nani?

Spoku akamtazama Plau. Plau akamtazama Revocatus. Sote tulimjua kama mkwe wa Machage, basi; jina hatukulijua.

REVOCATUS: Yule... mnene mnene.

YUNIS: Wote wanene.

PLAU: Mkwe wake, anayetoka Nyegina.

YUNIS: Wakwe za watu siwajui, na wawili wanatoka Nyegina. Nipeni jina, naondoka mie.

Machage alivua kofia. Akamshika Spoku bega, akajinyoosha mpaka pale mgongo ulipokubali, akatazama chini kama mtu aliyepiga hodi ukweni.

— Rhobi, akasema. Nipeleke kwa Rhobi.